Moto Ulioanzia Kwenye Majivu

Mjukuu wangu Baraka yuko kidato cha tatu, na likizo zake huzimalizia kwenye kiti cha plastiki kilicho mlangoni mwangu hapa Shanwe, simu mkononi, akisoma hadithi za picha za Kijapani. Mimi huwa namwacha. Mtoto anayesoma, hata akisoma vya ajabu, hayuko barabarani. Juma moja nilikuwa napembua mchele, naye akaanza kunisimulia bila kuulizwa, kama vijana wanavyofanya wakipenda kitu. Alisema katika hadithi hiyo yuko adui mmoja, mkuu wa jeshi, mwenye nguvu kuliko wote, aliyechoma vijiji. Na bado vijana wengi wanampenda kuliko shujaa mwenyewe. "Kwa nini mumpende mchoma vijiji?" nikamuuliza. "Bibi, huyu si mbaya wa hivihivi. Ana mambo yake moyoni. Ukimjua utamwonea huruma, wallahi." Nikamkanya asiape. Akanigeuzia simu. Kwenye kioo alikuwapo mzee mwenye nywele nyeupe na jicho moja, ameketi chini peke yake. Mbele yake kuna mabakuli mawili, moja amelishika, na lingine limejaa na halina mtu. Niliweka ungo chini. Mzee yule nilimfahamu kabla mama yake Baraka hajazaliwa, na kwa ajili yake nilimpoteza rafiki ambaye sijapata mwingine mfano wake.

Jioni ya siku hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka Mishamo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi. Daforoza, rafiki huyo, anakuja Mpanda Alhamisi kuonyesha macho hospitalini, na watoto wake wanaomba alale kwangu, kwa kuwa hawana ndugu mwingine mjini. Nikasema karibuni, nyumba ni yenu. Nikakata simu. Kwa miaka yote tulikuwa tumesalimiana kwenye misiba na mikutano ya akina mama wa kanisa, tukashikana mikono na kuulizana habari za wajukuu, lakini hatukuwahi kula tena meza moja. Sasa anakuja kula kwangu, na katika juma hilohilo Mzee wa Unga, yule wa jicho moja, amerudi. Nilimwomba Mungu anionyeshe kama nimwambie au nikae kimya. Hakunionyesha upesi. Nimezoea.

Mwaka ninaousema ni ule nilioingia darasa la ushonaji la kanisa hapa mjini. Habari za nilikotoka na namna tulivyofika kwenye makazi nitaziacha, wengine wamezisimulia vizuri kuliko mimi. Nitasema habari za chumba. Kilikuwa na vitanda viwili vya mbao za mninga, dirisha lenye wavu uliotoboka, msumari mmoja wa kutundikia magauni, na ndoo ya maji tuliyoifunika kwa sinia. Harufu yake ilikuwa ya mafuta ya cherehani na ya nta, kwa sababu chumba cha pembeni yake kilikuwa stoo ya asali ya wazee wa kanisa wa Magamba. Mchana nyuki walikuja kutafuta asali iliyokuwa yao, wakazunguka, wakakosa, wakaondoka. Kitanda kimoja kilikuwa changu, na kingine cha Daforoza. Wasichana wengine walikuwa wa mjini, na saa za mapumziko walikwenda kwao. Sisi wawili tulibaki, maana kwetu kulikuwa mbali, na Kiswahili chetu wakati ule kilichekwa. Nikisema neno, mmoja wao alinikamata: "Hebu rudia tena, Yusta!" Basi nikawa sisemi. Daforoza yeye hakuwa msemaji hata kwa Kirundi. Ukaaji wetu ulikuwa wa kimya, lakini kimya cha watu wawili si sawa na kimya cha mtu mmoja. Hilo nililijifunza baadaye.

Chakula tulikula sahani moja. Ugali wa muhogo, maharage, na siku za Ijumaa dagaa wa Karema, ambao msimamizi wetu, Mama Naomi, aliwakaanga mpaka wakawa wanalia mdomoni. Daforoza alikula taratibu na aliniachia upande wenye mchuzi. Mama Naomi alikuwa Mfipa mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na kila kitu alikisema kwa kukigombeza. "Nyie wawili, mnakula kama wageni wa mkwe! Malizeni hiyo!" Nilimpenda sana, lakini sikujua namna ya kumwambia.

Katika nyumba ya wageni ya kanisa alikuwa amekaa Mjapani mmoja aliyekuja kupima visima. Alipomaliza kazi yake aliondoka kwa treni, akaacha viatu, mkebe wa majani ya chai ya kijani ambayo hakuna aliyeweza kuyanywa, na kitabu kimoja kinene kama tofali, kimechanika majalada yote mawili. Mama Naomi akakileta darasani. Sisi karatasi zilikuwa shida. Mwalimu wetu alitufundisha kukata kola na mifuko kwenye karatasi kwanza, ndipo tuiweke juu ya kitambaa, na tulikata hata mifuko ya saruji. Kitabu kile kikawekwa kwenye rundo la kukatwa. Daforoza alikifungua, akakitazama, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwake: akanyanyua mkono. "Mwalimu, hiki tunaomba tukitazame kwanza." Mwalimu akashangaa kwamba ana sauti. Akamruhusu.

Tulikisoma saa za mapumziko, tumekaa kwenye kitanda chake, migongo ukutani. Herufi zake zilikuwa kama vijiti vilivyomwagika, kwa hiyo tulifuata picha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mzee mwenye nywele nyeupe na jicho moja, amepiga magoti katika kitu cheupe kilichofunika nchi yote. Theluji hatukuijua. "Unga," nikasema. Daforoza akakaza macho. "Unga wote huu, na bado ana sura ya njaa." Tukacheka mpaka Mama Naomi akagonga ukuta. Ndivyo alivyopata jina, Mzee wa Unga. Tukafunua. Kijana amesimama mbele yake, na upanga wake umo kifuani mwa mzee. Tukafunua tena, na upanga umetoka, mzee amesimama mzima. Tukaelewa kwamba kijana yule ni mganga, amemchomoa upanga ule. Kuanzia hapo mzee alizidi kupata nguvu. Askari waliolala waliinuka, mmoja baada ya mwingine, wakamfuata. Mishale ilitoka katika miili ya watu ikarudi kwenye pinde. Na mzee akapanda farasi, akaenda mpaka kijiji kilichokuwa majivu matupu, na hapo ndipo Daforoza alipoanza kupumua kwa sauti.

Maana kwenye kijiji kile majivu yaligeuka moto, na moto ukarudi ndani ya paa, na chini yake paa likawa zima. Mzee alipita na mwenge, na moto wote wa nyumba uliingia ndani ya mwenge wake, akaondoka nao. Wanawake waliokuwa chini walisimama. Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongoni kwa mama yake. Daforoza alikuwa akiweka kidole chake juu ya nyumba, na kidole chake kilikuwa na alama za sindano kama sisi sote, na kusema polepole, "Hii imerudi." Anafunua. "Hii nayo imerudi." Sikuwahi kumwona na uso ule. Kila siku tulikisoma upya, na kila siku kijiji kilisimama. Nilijua kwamba yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi siku ile tulipokimbia, na kwamba aliona mambo ambayo mimi nilibebwa nikiwa nimefunikwa kichwa nisiyaone. Sikumuuliza. Katika sala zetu za jioni alianza kumtaja mzee, kwa sauti ndogo, kwamba Mungu ambariki Mzee wa Unga. Mama Naomi alisikia akipita. Asubuhi akatusimamisha jikoni, mikono kiunoni. "Huyo mzee wa unga mnayemwombea ni nani? Yule mwenye mashine ya kusaga? Yule mwizi wa pumba?" Daforoza alicheka mpaka akalazimika kuweka chini sufuria. Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile. Nikihesabu utajiri wangu, ile imo.

Katikati ya kitabu ulikuwapo ukurasa wa mabakuli mawili, ule alionionyesha Baraka. Mzee yuko hemani, amevua silaha zake, anakula. Mbele yake kuna bakuli la pili, limejaa, linafuka moshi, na hakuna mtu. Mimi nilidhani anamngoja mgeni. Daforoza akatikisa kichwa. "Anamwekea mtu wake." Ndipo akanieleza habari za mama yake. Kaka yao mkubwa, Liberati, alichukuliwa nyumbani, asirudi, kabla hatujavuka kuja huku. Tangu siku ile mama yao alipakua sehemu ya Liberati, akaifunika, akaiweka mahali pake. Aliiweka njiani, akaiweka kwenye hema, akaiweka hata mwaka ule wa njaa kwenye makazi walipokuwa wanagawana viazi kwa kisu. Asubuhi kuku walikula. Hakuna aliyeruhusiwa kuuliza. Alinisimulia hayo bila machozi, huku akinyoosha ukurasa kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. "Kwa hiyo huyu ni mtu mwema," akasema. "Nimemjua kwa bakuli lake."

Uzi tulinunua kwa Bi Zuhura, fundi cherehani mwenye asili ya Ujiji, aliyekuwa na baraza lake karibu na soko. Alikuwa mama wa watu wote, mwenye maneno mengi na kahawa chungu. Siku moja tulikwenda na kitabu, kwa sababu Daforoza hakukiacha nyuma tena. Bi Zuhura akakiomba, akavaa miwani, akakifunua kwa upande wa pili, ule ambao kwetu ulikuwa mwisho. Akafunua kurasa kadhaa akiguna. "Wanangu, nyie mnakisoma kinyumenyume. Hiki kinafunguliwa kama juzuu, mkono wa kulia kwanza." Nikasema hapana, bibi, kinaanzia huku, mzee amepiga magoti, halafu anapona. Akacheka kwa upole. "Tazameni hapa. Moto gani unaanzia kwenye majivu? Huyu ndiye anayechoma. Anakuja na mwenge, nyumba nzima hizi hapa, haya, zinawaka, haya, watu chini. Mpaka yule kijana anamuua kule mwisho, na haki yake." Alisema vile kama mtu anavyokurekebishia mshono uliopinda, bila ubaya wowote. Nikamtazama Daforoza. Alikuwa ameshika uzi mweupe mkononi na anautazama. Akasema, "Asante, bibi." Akachukua kitabu, akatoka.

Nilimkuta njiani, nikatembea pembeni yake. Nilitaka kumfariji, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kile nilichokuwa nakifikiri. Nikamwambia kwamba hata kikisomwa kwa upande wa kulia, ukurasa wa mabakuli mawili uko palepale. Kwamba hata yeye alifiwa. Kwamba labda kuna watu waliomchomea na yeye. "Bado anamwekea mtu wake, Daforoza. Bado ni yule tuliyemwombea." Alisimama. "Mawe!" akasema, kama wanavyosema kwetu mtu anapoungua. Halafu akasema kwa Kirundi, taratibu, "Bakuli lile ni la mama yangu. Yeye hana ruhusa nalo." Kisha akaendelea na safari, na sikumfuata.

Alikipeleka kitabu kwa mwalimu yeye mwenyewe. Juma lile tulikata kola za mashati, na karatasi niliyopewa ilikuwa na nusu ya uso wake, jicho lile moja. Niliikata kwa mkasi kama nilivyofundishwa. Daforoza akamwomba Mama Naomi ahamie chumba cha mbele, kwa sababu ya nyuki, alisema. Mama Naomi hakugombeza. Alibeba godoro kichwani akalipeleka, akarudi akanitazama, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida, "Haya, Yusta." Tangu siku ile nilipakuliwa sahani yangu. Nilikula nikisikia meno yangu. Maharage yaleyale, chumvi ileile, lakini nilikuwa nasahau kama nimekula, naosha sahani naikuta haijaguswa nusu. Upande wa mchuzi niliuacha mwisho, kwa mazoea, kisha hakukuwa na wa kuniachia. Mchana nilikaa kwenye kitanda changu nikisikiliza nyuki. Walikuja, wakazunguka, wakakosa. Nilijifunza kusali mwaka ule, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa naomba vitu, na sasa nilikuwa sina cha kuomba ila mtu wa kukaa naye, na Mungu alikaa. Nasema hivi bila kujisifu. Alikuwa kimya kama Daforoza. Nilipojua kwamba kimya kile si cha mtu mmoja, nikaweza kulala. Mwaka ulipokwisha tulipewa vyeti, lori la makazi likaja, akapanda upande wa mbele na mimi nikapanda nyuma juu ya magunia.

Alhamisi akafika, kwa basi la asubuhi, akiongozwa mkono na binti yake kwa sababu ya jicho la kushoto. Amenyooka bado. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na dagaa wa Karema, nimewakaanga sana. Binti yake alikwenda kulala, na sisi wazee tukakaa, kila mtu na sahani yake, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi. Alikula taratibu. Baraka alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, na simu ikatoa sauti yake. Daforoza akauliza mtoto anasoma nini. Nikaona hapo ndipo Mungu amenipa jibu, na jibu lenyewe limekuja kwa mdomo wake, si wangu. Nikasema, "Anasoma vitabu vya picha. Vya Kijapani."

Akaacha kutafuna. "Yule yupo humo?"

"Yupo."

"Mwambie alete."

Baraka akaja na kiti chake, akakaa kati yetu, akafurahi kupata wasikilizaji. Akaikuza picha kwa vidole ili Daforoza aone, akaanza kueleza: huyu ndiye adui, anatokea hapa na farasi, akalitaja na jina lake, ambalo mimi siwezi kulishika. Daforoza akaweka mkono wake juu ya kiganja cha mtoto. "Anza mwisho."

"Bibi, utaiharibu hadithi."

"Hadithi hiyo iliharibika zamani, mwanangu. Anza mwisho."

Nikaona ni lazima niseme. Nikasema, "Daforoza, ule upande Bi Zuhura alikwisha kutuonyesha kwamba..." Hakuniacha nimalize. "Nilijua, Yusta. Nilijua kabla ya Bi Zuhura, tangu siku ya kwanza pale kitandani. Moto mimi naujua unavyokwenda. Nilikisoma vile kwa sababu ndivyo nilivyotaka kiwe, na wewe ulikuwa unakisoma na mimi. Halafu wewe na Bi Zuhura mkasema." Alisema bila hasira. Baraka alitutazama, akaona ni mambo ya wazee, akarudi kwenye simu. Neno lililonijia nikaliacha, maana lingekuwa la kumfundisha.

Baraka akaanza mwisho. Mzee alipiga magoti, na mara hii nilijua kwamba ni theluji. Upanga ulitoka kifuani. Askari waliinuka. Tulipofika kwenye mabakuli mawili Daforoza akasema, "Simama hapo." Akainamisha jicho lake zima karibu na kioo. "Anasema nini?" Hatukuwahi kujua kwamba anasema kitu. Baraka akasoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akatutafsiria. "Anasema, 'Kula, dada, kinapoa.' Dada yake alikufa, bibi. Wanajeshi walichoma kwao yeye akiwa mdogo, yeye akapona. Ndiyo maana watu wanamwonea huruma."

Nje bodaboda ilipita, vumbi likaingia, hakuna aliyefunga mlango. "Mama naye alisema hivyohivyo," Daforoza akasema. "'Liberati, kula, kinapoa.' Kila siku." Akajifuta jicho lile bovu, ambalo hutoa machozi lenyewe. "Mimi huyu sijamsamehe, Yusta."

"Ego," nikamwambia. "Ndiyo. Sikukuuliza."

Akasukuma sahani yake mpaka ikagusa yangu, akahamishia kwangu dagaa waliobaki, upande wenye mchuzi. Kisha akamgusa Baraka. "Endelea. Nyumba bado."

Baraka akafunua. Majivu yakawa moto, na moto ukaingia chini ya paa, na paa likawa zima. Daforoza akaweka kidole chake juu ya kioo, kidole cha kushona, kimepinda sasa.

"Hii imerudi," akasema.

Nikasogeza kiti. "Na ile," nikasema, "ile ya karibu na kisima."